Mashine ikikaa kwenye kiti cha rubani wa kuigiza

Katika chumba cha mazoezi ya waongoza ndege, mwanafunzi huketi mbele ya skrini ya rada akiwa na vipokea sauti masikioni, na ndege zote anazoziona hazipo. Chumba cha pili kuna mtu mwenye kibodi. Mwanafunzi akisema "descend flight level one two zero" (shuka hadi kimo cha 120, yaani kama futi 12,000), mtu huyo huyarudia maelekezo kwa sauti ya rubani, kisha hubonyeza vitufe ili alama ya ndege ianze kushuka. Huyo ndiye rubani wa kuigiza. Zoezi lenye ndege nyingi huhitaji watu kadhaa wa aina hiyo, na wao ni binadamu: hulipwa, huchoka, huugua. Ndiyo maana watengenezaji wa simuleta, yaani mitambo hii ya mazoezi, wanauza programu za kutambua usemi. Mashine husikia, huitikia kwa sauti ya kutengenezwa, na ndege hushuka.

Mimi naona mashine hiyo ipewe kiti cha rubani, lakini isipewe kalamu ya mtahini.

Faida yake ni kubwa. Mwanafunzi anayejikwaa katika kupanga ndege za kutua anaweza kurudi usiku peke yake akarudia zoezi lile lile mara kumi. Lugha ya redio nayo ina maneno machache yenye mpangilio maalumu, kwa hiyo ni rahisi kwa mashine kuliko mazungumzo ya sokoni. Tena mashine inaweza kupangiwa kukosea makusudi: mwanafunzi atoe 120, yenyewe irudie 130, ionekane kama kosa litanaswa. Sikio la namna hiyo ndilo roho ya kazi. Tarehe 27 Machi 1977, pale Tenerife, kisiwa cha Hispania, rubani wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alisema "we are now at take-off" (sasa tuko kwenye kuruka). Mwongoza ndege mnarani akaelewa kwamba anasubiri, kumbe rubani alikuwa ameshaanza kukimbia kuruka, akaigonga ndege nyingine iliyokuwa njiani. Watu 583 walikufa.

Upande wa pili unaanza na lafudhi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulipima mifumo ya kutambua usemi ya kampuni tano kubwa. Kwa wasemaji weusi, kiwango cha makosa kilikuwa kama maneno 35 katika kila 100. Kwa weupe, 19. Hao wote ni Wamarekani waliokulia kwenye Kiingereza! Sasa mweke kijana wa Mwanza au Kisumu mbele ya mfumo uliofunzwa kwa sauti za mbali. Atasema, mashine itajibu "say again" (sema tena). Atarudia, atapaza sauti, atakatakata maneno, hata aige lafudhi isiyo yake. Mwisho wa kozi atakuwa amejifunza kuongea na mashine. (Kuna jambo linalonifurahisha hapa: kanuni za kimataifa zinataka 3 itamkwe "tri", bila ile "th" ambayo watu wa pwani huitamka vizuri kabisa katika thelathini na themanini.)

Lakini kosa linalonitia hofu zaidi ni la kinyume chake. Ili kupunguza makosa, mifumo mingi huongezewa taarifa za zoezi: ndege zipi ziko angani, ziko kimo gani, agizo gani linaelekea kutolewa. Mwanafunzi akilimumunya jina la ndege, mashine hujazia na kutii. Zoezi linakwenda vizuri, na udhaifu wake unabaki umefichika mpaka siku atakapoongea na rubani halisi kwenye redio yenye mikwaruzo. Ni kweli, rubani wa kuigiza aliyemzoea mwanafunzi naye humsamehe. Ila mkufunzi aliye karibu huliona hilo na kulikemea. Ndani ya programu halionekani.

Kuna pia yale yasiyo maneno. Mwaka 1990 ndege ya Avianca, shirika la Kolombia, iliishiwa mafuta karibu na New York, watu 73 wakafa. Marubani walisema mafuta yanakwisha, ila hawakutamka neno la kutangaza dharura. Mashine ingeweza kuyanakili maneno yao yote bila kosa. Kumfundisha mwanafunzi kushtuka na kuuliza "umebakiwa na dakika ngapi?" kunahitaji mtu anayejua kuigiza woga uliofichwa.

Kwa hiyo vyuo vyetu, kile cha usafiri wa anga Dar es Salaam na kile cha Embakasi, Nairobi, vikiletewa mfumo kama huu, muuzaji aujaribu kwa sauti za wanafunzi wa pale pale, kwa ridhaa yao, kabla ya kusaini chochote. Asilimia ya jumla ya maneno isikubaliwe kuwa ndiyo kipimo, maana kukosa salamu ya asubuhi si sawa na kukosa tarakimu moja ya kimo. Muuzaji aonyeshe ni maagizo mangapi mashine iliyaelewa vibaya, na mangapi mabovu iliyapitisha. Na mwanafunzi anayefeli kwa sababu ya matamshi awe na haki ya rekodi yake kusikilizwa na mwongoza ndege mzoefu.