Trekta ya Nani?

Jumanne, Februari 20, 2024, basi letu lilikwama nje ya Lublin saa mbili na nusu. Mbele, trekta zimeziba barabara, kila moja na bendera ya Poland. Nilijua nitachelewa kazini na mshahara utakatwa, nikachemka. Kisha dereva akapiga honi. Nilidhani anawafokea, kumbe anawaunga mkono! Abiria nao wakapiga makofi.

Kisa ni nafaka ya Ukraine. Vita vilipoanza 2022, Umoja wa Ulaya uliondoa ushuru ili nafaka ipite huku ikielekea bandarini. Nyingi ikaishia kuuzwa hapa hapa, bei ikaanguka. Waziri wa kilimo, Henryk Kowalczyk, alikuwa amewashauri wakulima wasiharakishe kuuza. Walipobaki na maghala yaliyojaa walimwandama hadi akajiuzulu, Aprili 5, 2023. Siku kumi baadaye serikali ikapiga marufuku nafaka hiyo. Siku kumi, jamani. Na bado hawakuridhika: Jumanne hiyo hiyo, kule mpakani Medyka, walifungua mabehewa ya treni nafaka ikamwagika chini. Hilo silikubali. Nililelewa kuokota punje ya mahindi iliyoanguka, na mama ninayepanga naye maboksi ghalani ni Mukraine. Kaka yake analima huko mabomu yakilia.

Lakini mawazo yangu yalikuwa kwa baba, mkulima wa miwa kwetu Kenya.

Mnaukumbuka 2017, sukari iliporuhusiwa kuingia bila ushuru ikafika karibu tani milioni moja. Mwaka huo miwa yetu ilikatwa ikalala shambani siku tisa. Ngano unaweza kuifungia ghalani ukasubiri bei. Miwa ikishakatwa, siku ya pili tayari inapoteza uzito na utamu. Ilipofika kwenye mzani wa kiwanda ilikuwa nyepesi kama kuni, kisha yakaja makato: kulima, mbegu, mbolea, kukata, kubeba. Baba akapewa karatasi inayoonyesha kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Ekari mbili, miezi 20 ya palizi, halafu deni.

Trekta iliyobeba miwa haikuwa yake. Aliletewa, akakatwa pesa zake, na ikaondoka. Sasa yeye angefunga barabara na nini?

Najua kuna atakayesema nimeenda Ulaya majuzi tu na tayari nawadharau wakulima wa kwetu, eti waoga. Nani kasema waoga? Wameandamana, wamepigwa mabomu ya machozi, wengine wameng'oa miwa kwa mikono wakapanda mahindi. Mtu anayeng'oa zao lililosomesha watoto wake watano si mwoga. Ninachosema ni kwamba mkulima wa huku ana kitu cha kuegesha katikati ya barabara, na waziri anakiona dirishani.

Mwingine ataniambia sukari ya bei nafuu inamsaidia maskini. Maskini yupi? Mama yangu alipaswa kuinunua dukani kwa pesa ya miwa ambayo haikulipwa. Na usiniambie kwamba tulilindwa. Ndiyo, tangu 2002 hadi 2025 COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ilitukubalia tuweke kikomo cha sukari inayoingia bila ushuru kutoka nchi wanachama, na muda uliongezwa tena na tena ili tujipange. Zaidi ya miaka 20! Aliyetakiwa kujipanga si baba. Yeye alipalilia kwa wakati kila msimu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba akilaumiwa mkulima wa miwa kwa kuzalisha kwa gharama kubwa, hakuna anayeisoma ile karatasi ya makato kuona gharama hizo aliziandika nani.

Jioni nilimpigia baba simu nikamsimulia zile trekta. Akauliza kama kweli ni za wakulima wenyewe. Nikamwambia ni zao, japo nyingi ni za mkopo wa benki. Akanyamaza kidogo.

"Na mafuta," akauliza, "wanakatwa na nani?"