Kofia moja, miezi saba

Mchana kutwa huwa niko dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni mwa nyumba. Upande mmoja nimetandikiwa godoro jembamba, upande wa pili kuna mto wa kuegemea, na siku yangu hupita kati ya hivyo viwili: nusu saa nimekaa nashona kofia, saa nzima nimelala chali hadi mgongo unyamaze, kisha nusu saa nyingine. Anayepita nikiwa na sindano mkononi huniambia, “Mashallah, yeo u mzima.” Anayepita baadaye akanikuta nimelala huenda zake kimya, nami najua anachowaza. Kila mmoja ameona kipande tu cha siku yangu.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alinijia hapo hapo dakani. Mamake ana maumivu ya nyonga na miguu yapata miaka minne sasa, hawezi tena kuinama jikoni wala kubeba ndoo, na mtu amemwambia kwamba serikali huwapa walemavu pesa. Akaniuliza, “Ami, mtu kama mama anahesabiwa? Na akihesabiwa, atapata chochote?”

Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka: kuhesabiwa, anaweza, pesa, usimwahidi. Alistahili jibu refu zaidi, na hili ndilo.

Mimi nilikuwa fundi wa majahazi. Mwaka 2016, Matondoni, nikiwa juu ya jukwaa nakalafati ubavu wa jahazi, yaani naziba nyufa zake, ubao ulikatika nikaangukia kitako. Niliinuka mwenyewe, na siku ya tatu nikarudi kazini. Maumivu yalitulia, yakarudi, yakatulia tena, kisha yakaja kukaa. Madaktari husema maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu, na kwamba mara nyingi kilichoumia huwa kimeshapona, ila mishipa ya fahamu na ubongo vinaendelea kupiga king'ora. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa, na toleo lake lililoanza kutumika Januari 2022 limeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, yaweze kuhesabiwa kuwa ugonjwa hata pale yasipokuwa dalili ya ugonjwa mwingine. Eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi king'ora.

Kabla ya daktari kuna safari. Vichochoroni Lamu hapapiti gari. Ni miguu yako au punda, na punda kwa mgongo kama wangu ni mateso. Ukifika gatini kuna ngazi. Maji yakiwa yamejaa, boti iko usawa wa mguu, unavuka tu. Maji yakikupwa, boti iko chini kabisa, vidato vya chini vimeota mwani vinateleza, na inabidi nishuke kinyumenyume nimeshikwa na watu wawili. Kwa hiyo mambo yangu huyapanga kwa maji. Barua ya miadi haijui maji. Imeandikwa saa mbili asubuhi, basi ni saa mbili.

Mara ya kwanza nilipokwenda kutathminiwa ulemavu, ili niandikishwe, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajikaza mgongo nikaingia wima, kwa sababu mtu hajipeleki mbele ya daktari akiwa ovyo. Daktari alinipokea kwa heshima. “Hujambo, mzee?” Nikamjibu, “Sijambo, alhamdulillahi.”

Neno hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Adabu yetu haimpi mgonjwa jibu jingine. Hata aliye hoi kitandani, ukimuuliza hujambo, hujibu sijambo kwanza, hushukuru, ndipo aseme “ila…”. Ndivyo tulivyolelewa: kulalamika kwa mgeni ni aibu, na kusubiri ni ibada. Lakini chumba kile hakina nafasi ya “ila”. Kuna foleni nje, kuna fomu mezani. Aliniambia niiname, nikainama, kwa maana kuinama naweza. Nisichoweza ni kuinuka kitandani kesho yake, na kesho yake yeye hakuwepo. Akatazama picha, akasema mifupa iko sawa. Dakika kumi hivi, nikarudishwa. Nilikaa kitandani siku nne kwa sababu ya safari ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia kijana ni hili: mamako akishajibu salamu, aendelee kusema. Asiende peke yake. Aende na wewe unayemwona usiku, na wewe useme yale ambayo yeye atayaona haya kuyasema, kwamba nani humpandisha kitandani, na chooni huenda vipi.

Jambo la pili ni maneno. Daktari yule aliniuliza maumivu yangu ni mangapi, kutoka sifuri hadi kumi. Nikasema saba. Mpaka leo sijui saba ni nini. Lugha yetu ina njia iliyo bora kuliko hiyo. Kichwa huwanga, kidonda huchonyota, tumbo husokota. Kiuno changu huwanga mfano wa kichwa. Mguu wa kulia huvuta kuanzia nyonga hadi kisigino. Usiku nyayo huchoma kama nimekanyaga makaa, na alfajiri vidole vina ganzi. Kila neno hapo lina kazi yake. Kuchoma na ganzi humwelekeza daktari kwenye mishipa ya fahamu, kukaza na kuwanga humwelekeza kwenye misuli, na dawa zake si moja. Mimi nilipewa dawa za maumivu za kawaida kwa miaka, zikaniharibia tumbo, hadi nilipomwelezea mganga mmoja wa zahanati huo moto wa nyayo kwa maneno haya haya. Akanipeleka kwa aliyeniandikia dawa ya mishipa ya fahamu iitwayo amitriptilini, kidogo, ya usiku. Hunikausha kinywa na kunitia usingizi hadi jua lichomoze, lakini nalala.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilirudi kutathminiwa, safari hii mbele ya daktari mwingine, mwanamke. Nilikuwa na mfuko wangu, na ndani yake kofia niliyokuwa naishona, kofia ya mkono, nusu yake imekamilika. Mama yule aliiona. Akaiomba, akaigeuza, akahesabu vishimo kwa kidole, kisha akauliza, “Hii moja hukuchukua muda gani?”

Nikamwambia ukweli. Kabla ya mgongo, nikishona jioni tu baada ya kazi ya jahazi, kofia kama ile nilikuwa naimaliza kwa miezi miwili. Siku hizi sina kazi nyingine, nimo dakani kutwa, na ni miezi saba.

Akaandika. Akauliza tena: kwa wiki, ni siku ngapi unaweza kutoka nyumbani? Ukitoka siku moja, unalala ngapi? Nani hukuvalisha viatu? Msikitini unaswali vipi? Nikamwambia naswali juu ya kiti, na siku nyingine nimelala ubavu nyumbani. Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililohitaji mashine. Mtu yeyote mwenye kalamu na nusu saa angeweza kuyauliza, na majibu yake yanaweza kuhakikishwa kwa jirani, kwa imamu, kwa mnunuzi wa kofia.

Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msikitini jambo hili lilishapata ufumbuzi zamani: asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali amelala, na kama anaweza au hawezi, mwamuzi ni yeye mwenyewe, dhamana yake iko kwa Mola wake. Naelewa kwamba serikali haiwezi kugawa pesa ya umma kwa neno la mtu peke yake. Wadanganyifu wapo, na kila shilingi wanayochukua humpunguzia mwenye haki. Lakini kulihakikisha neno la mgonjwa ni jambo moja, na kulitupa kwa sababu picha iko sawa ni jambo jingine.

Wala sheria haitutupi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza ulemavu inataja kasoro za mwili, za hisia na za akili, kisha inaongeza hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima uonekane kwa macho. Kifungu cha 43 nacho kinaipa serikali wajibu wa kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Nikiyasoma maneno hayo najiona nimo ndani yake.

Nilipata kadi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limeniandikisha, na siku kadi ilipofika nililia, nami si mtu wa kulia. Si kwa sababu ya kilichomo. Ni kwa sababu kwa mara ya kwanza karatasi ya serikali ilisema kwamba sisemi uongo. Mke wangu, ambaye hakuwahi kunitilia shaka, aliiweka kwenye kabati pamoja na hati ya ndoa.

Kadi ina faida zake. Mwenye mshahara akishaandikishwa anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Anayehitaji kiti cha magurudumu au mguu wa bandia ana mahali pa kuombea. Mimi mshahara sina, na mguu ninao. Nyumba yetu inaendeshwa na mkate wa mofa anaouza mke wangu alfajiri, na ndugu yangu aliyeko Mombasa anayetuma anapopata, na kofia yangu ya miezi saba.

Pesa za kila mwezi ziko chini ya mpango wa Inua Jamii, na hapo ndipo mlango unapokuwa mwembamba. Fungu la walemavu katika mpango huo ni la wenye ulemavu mkubwa, yaani wanaohitaji kuangaliwa wakati wote na mtu mwingine: kulishwa, kupelekwa haja, kulindwa wasijidhuru. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimebaki hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku unga, mafuta na nauli ya boti vikipanda. Mama mmoja mtaani kwetu huzipokea kwa ajili ya mwanawe wa miaka kumi na miwili, asiyeweza kukaa wala kusema. Zikija za miezi miwili kwa pamoja ni 4,000. Nimemwona akizihesabu barazani: nepi kwanza, kisha dawa ya kifafa, kisha deni la duka. Mara nyingi deni hubaki. Simwonei wivu hata kidogo. Yeye hana saa ya kulala, na nikiulizwa ni nani aongezewe kwanza, nitamtaja yeye.

Lakini kati ya mtoto yule na mtu mzima mwenye afya kuna watu wengi, na kwa pesa hizo wote wamewekwa kapu moja na wazima. Yuko mvuvi aliyeharibika mabega kwa miaka ya kuvuta jarife, wavu mkubwa wa kuvulia. Yuko mchukuzi wa gatini. Yuko binti mwenye ugonjwa wa siko seli ambaye mifupa humshika wiki nzima kisha humwachia wiki mbili. Wanaweza kufanya kazi, lakini si kila siku, na wao wenyewe hawajui ni siku ipi. Hakuna mwajiri anayeweka mtu wa namna hiyo.

Hata hesabu ya taifa haituoni vizuri. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ikapata kwamba wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi. Maumivu hayakuwa miongoni mwa maswali. Karani alipofika kwetu ilikuwa jioni, nimepumzika tangu adhuhuri, akaniuliza kama nina shida ya kutembea. Nikasema kidogo. Waliohesabiwa ni wale wenye shida kubwa au wasioweza kabisa. Nilijifuta mwenyewe kwa adabu.

Ninachotaka si kikubwa. Kuwe na daraja la katikati. Asiyeweza kutegemea mwili wake nusu ya wiki apewe angalau nusu ya kile anachopewa asiyeweza kabisa, na kipimo kiwe siku na kazi: wiki ina siku ngapi za kulala, kofia moja ni miezi mingapi, jarife linavutwa mara ngapi. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, na sheria mpya huhitaji kanuni za kuitekeleza. Watakaoziandika waje wakae na sisi dakani siku nzima, wasipite tu. Na daktari akija Lamu kutathmini badala ya wagonjwa kumfuata ng'ambo, tathmini itakuwa ya kweli zaidi, kwa sababu atamwona mtu kabla safari haijamvunja.

Kijana ameshajaza fomu ya mamake. Tuliandika pamoja karatasi ya pembeni: siku saba, kila siku aliamka saa ngapi, alifanya nini, alilala lini, nini kilichoma na nini kiliwanga. Mama mwenyewe alikataa mwanzoni. Alisema ni kumlalamikia Mungu. Mke wangu alikaa naye jioni mbili, wakayasema ya kike, na siku ya tatu akaanza kumtajia mwanawe naye akiandika.

Miadi yao ni Jumatano, saa mbili asubuhi. Nimemuuliza nahodha mmoja gatini, amesema maji yatakuwa yamekupwa. Tumepata vijana wawili wa kumshusha, na mimi nimempa kijana mto wangu wa kuegemea amwekee mamake kwenye boti.