Unguja, mbara na mgeni asiyefika siku ya tatu

Kila masika, mtaani kwetu Kunduchi Mtongani, Dar, hurudi vijana kutoka Unguja. Mvua zikianza, hoteli za pwani ya mashariki hupunguza watu, nao hupanda boti na begi moja kuja kusubiri Juni kwa mama zao. Mwaka huu mmoja wao, mtoto wa jirani niliyemjua tangu anavaa kaptula ya shule, alikaa barazani kwangu jioni nzima akinisimulia Paje, kijiji cha pwani hiyo anakofanya kazi hotelini. Kazi anaipenda. Mshahara unatosha kula, bakshishi ndiyo inayotuma hela nyumbani. Kilichomchoma ni neno moja wanaloitwa watu wa Bara. "Mjomba, kule sina jina. Mimi ni mbara. Dukani mbara, kwenye daladala mbara. Jirani alipoibiwa simu, wa kwanza kugongewa mlango ni mbara." Mara mbili ameambiwa arudi kwao. Akaniuliza, na hakuwa anatania: "Kwani kule si nchi yangu?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Najaribu hapa.

Dar tunalo jibu letu la haraka: Wazanzibari ni wabaguzi, basi. Nimelisikia ndani ya daladala, nimelisikia msibani, nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Na hoja zinazoliunga mkono si za kubeza. Umeme unaowasha viyoyozi vya Nungwi hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya jiji letu, hadi Fumba. Waya wa kwanza ni wa 1980, wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika 2013. Sehemu kubwa ya nyanya, vitunguu na viazi vinavyoliwa hotelini huvuka kutoka huku. Mpemba ana duka Kariakoo na kiwanja Kigamboni, na hakuna anayemuuliza asili yake, ndivyo inavyopaswa kuwa. Kijana wa Kunduchi akivuka bahari ile ile anakuta sheria ya ardhi ya 1992 inayompa haki ya ardhi Mzanzibari, na macho yanayomuuliza amefuata nini. Mtu akiniambia hapo hakuna usawa, siwezi kumwambia anaota.

Lakini tuanze na ukubwa wa chungu kabla ya kugombana juu ya ukoko. Sensa ya 2022 ilikuta Zanzibar watu 768 katika kila kilomita moja ya mraba. Tanzania Bara, watu 68. Mpemba akinunua kiwanja Kigamboni, ni tone katika pipa. Watu wa Bara tukipewa uhuru huo huo kule, kwa wingi wetu na kwa pesa za wachache wetu wenye nazo, kijiji kama Jambiani kinaweza kuwa na wenyewe wengine ndani ya kizazi kimoja. Kuogopa hilo si chuki. Mimi ningekuwa na eka moja ya babu kwenye kisiwa cha namna hiyo, ningeogopa pia.

Halafu kuna mgeni wa pili, ambaye katika mabishano yetu ya Dar huwa tunamsahau kwa sababu hatugombani naye: mtalii. Mwaka 2023 walifika Zanzibar watalii 638,498. Mwaka 2024 wakafika 736,755, katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu 1,889,773. Ni kama wageni wawili kwa kila wenyeji watano, kila mwaka. Tukisema kila mmoja alikaa wiki moja tu, basi kila siku ya Mungu kuna wageni elfu kumi na nne hivi. Ukiwatawanya kisiwa kizima huwaoni. Ila hawatawanyiki. Wengi wanalala Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani, Michamvi, vijiji ambavyo jana tu watu wake walijuana kwa ukoo na kwa ngalawa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia msemo huu kama namna ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi nausikia kama namna ya kumpokea. Ukishashika jembe umeingia ndani: unajua kisima kiko wapi, nani anaumwa, nani asalimiwe kwanza, njia ipi haipitwi saa ya sala. Mtalii hafiki siku ya tatu ya namna hiyo. Anaondoka Jumapili, na ndege ile ile imeshusha mwingine anayeanza siku ya kwanza. Kijiji cha pwani kimekaa na mgeni wa siku ya kwanza miaka thelathini mfululizo bila kupumzika. Nani kati yetu angeweza hilo sebuleni kwake?

Niliona dogo tu, Jambiani, baada ya sala ya alasiri. Watoto wanakwenda madrasa na juzuu zao kifuani. Vijana wawili wa Kizungu, mume na mke, wanatoka baharini na nguo za kuogelea tu, wanakatiza katikati ya kijiji kutafuta soda. Walikuwa wanatabasamu, wakasema "jambo" kwa kila mtu. Hawakuwa watu wabaya. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akageuza uso, akatazama ukuta wa nyumba yake mpaka walipopita. Hakusema neno. Kesho yake wangepita wengine, naye angegeuka tena.

Ila mavazi ni la juu juu. Lililoniuma zaidi ni maji. Mtafiti Stefan Gössling alipima matumizi ya maji ya pwani ya mashariki ya Unguja na kuchapisha matokeo yake mwaka 2001. Mkazi alitumia wastani wa lita 48 kwa siku. Mtalii, lita 685. Zipeleke hizo kwenye ndoo ya lita 20, ile tunayoijua sote tuliowahi kununua maji kwa mkokoteni Dar. Mkazi: ndoo mbili na nusu isiyojaa, humo ndimo kunywa, kupika, udhu, kuoga na kufua nepi. Mtalii: ndoo thelathini na nne. Aliyelala nyumba ndogo ya wageni alitumia lita 248, sawa na ndoo kumi na mbili. Aliyelala hotelini lita 931, ndoo arobaini na sita na zaidi. Nimekaa na hesabu hii siku nyingi nikijiuliza mtu mmoja anawezaje kumaliza ndoo arobaini na sita kwa siku. Hazimalizi yeye. Karibu nusu ya maji ya hoteli ilikuwa inamwagwa kwenye bustani.

Ukifika kule utaelewa. Ardhi ya upande ule ni jiwe la matumbawe lenye udongo mwembamba juu yake. Maji yanapita kama kwenye chujio la tui. Mwenyeji hupanda pale muhogo na mtama vinavyovumilia. Hoteli hupanda nyasi, kwa kuwa mgeni ameonyeshwa picha yenye nyasi. Na maji matamu yenyewe chini ya kisiwa ni tabaka jembamba lililokaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima kinachoharibika kwanza si lazima kiwe cha aliyevuta. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilichunguza Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, likakuta kaya nzima inatumia lita 93.2 kwa siku na chumba kimoja cha hoteli lita 1,482. Takwimu hizi zimezeeka, na hoteli kadhaa siku hizi huchuja chumvi kwenye maji ya bahari. Lakini Gössling alipopima, watalii walikuwa hawajafika laki moja kwa mwaka. Sasa ni zaidi ya mara saba ya hapo.

Kwa hiyo mama wa Nungwi akisema "wageni wametumaliza", kabla ya kumwita mbaguzi tumuulize bomba lake lilitoa maji lini mara ya mwisho.

Baharini hali ni hiyo hiyo. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo ni kazi ya wanawake. Nilimkuta bibi mmoja anarudi wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali, gunia limelowa begani, ncha za vidole zimekuwa nyeupe kwa chumvi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mwenyeji wa wapi. Nikasema Dar. Akanionyesha kamba yake: kila shibiri moja kaufundo, kila fundo tawi la mwani, na kamba yenyewe imekatika katikati. "Nyinyi wa Dar twasemezana," aliniambia. "Hawa wa kaiti mwanangu hawaioni kamba. Wapita juu." Kaiti ni ule mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, na Paje imepata jina duniani kwa ajili yake. Mchezo mzuri, unaingiza pesa, unaajiri vijana. Ufukwe ni ule ule, upepo ni ule ule, na aliyetangulia kupigilia vijiti vyake pale ndiye sasa anayeambiwa vinachoma miguu ya wageni.

Wenye hoteli wanasema, na wana haki ya kusikilizwa: bila watalii Zanzibar ingekula nini, karafuu peke yake? Wanasema pia kwamba wametafuta wafanyakazi vijijini na hawakuwapata. Mzazi hataki binti yake abebe sinia la bia. Kijana hajui Kiingereza cha mapokezi. Wa Bara na Wakenya wanakuja na vyeti mkononi. Kuna ukweli humo. Ila hoja hiyo ingekuwa na uzito wakati hoteli zinaanza. Chuo cha utalii cha Maruhubi kipo, sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na kazi za hotelini si bia tu: kuna hesabu, bustani, ufundi, jiko, udereva. Aliyekaa kijijini miaka ishirini na hajafundisha mtoto wa kijiji hicho hata kushika vitabu vya stoo, sidhani kama alitafuta kwa bidii.

Sasa turudi nyumbani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika miaka mingi kwamba wageni, Wachina hasa, wameshuka hadi kwenye rejareja. Julai 2025 ikatoka amri ya serikali inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Faini si chini ya shilingi milioni 10. Dar ilishangilia, na mimi niliunga mkono. Hatukujiita wabaguzi. Tulisema tunalinda riziki ya mwenyeji. Najua tofauti, wala siifichi: Mchina si raia, kijana wetu wa Paje ni raia, na raia hapaswi kuambiwa arudi kwao ndani ya nchi yake. Hilo ni kosa, liwe limesemwa na nani. Ninachosema ni kwamba kilio kilichosikika Kariakoo na kilio cha Paje vimetoka koo moja, na kimoja tumekiita uzalendo, kingine ubaguzi.

Kosa la kilio cha Paje ni aliyekipokea. Mwenye hoteli haishi kijijini. Mtalii ameshaondoka. Aliyebaki karibu, aliyepanga chumba cha pili, anayeelewa matusi kwa sababu yanatukanwa kwa lugha yake, ni mbara. Ndiye anayebeba lawama ya nyasi asizozipanda. Nilimuuliza kijana wangu anapata wapi maji kule. Akacheka kidogo: "Pale pale wanapopata wao, mjomba. Tunapanga madumu foleni moja." Basi huyu ndiye mgeni aliyepewa jembe tangu siku ya kwanza. Analipa kodi ya chumba kwa mama wa Kipaje, anakula kwa mama ntilie wa Kipaje, anaumwa na kupona pale. Ningependa sana wenyeji waanze kumhesabu upande wao wa ukuta, maana ndiko aliko. Na ningependa kila hoteli iwekewe mita ya maji, na namba zake zibandikwe ofisi ya shehia, mahali ambapo yule bibi wa mwani anaweza kwenda na mjukuu wake akamsomea.

Juni alipoondoka nilimsindikiza mpaka bandarini. Begi lilikuwa lile lile moja, lakini safari hii alikuwa na pipa la plastiki la bluu, lita mia, lenye kifuniko, tulilolinunua Kariakoo asubuhi ile. Mama mwenye nyumba wake alimwagiza, kule ni ghali. Mchukuzi akaligonga kwa ngumi, akataka kujua lina mzigo gani ndani ili ataje bei.

"Tupu, kaka," akamwambia. "La maji."