Rwanda na voliboli ya kukaa: timu nzima au mkimbiaji mmoja?

Rwanda ina medali moja tu ya Paralimpiki, shaba ya Jean de Dieu Nkundabera katika mita 800, Athens 2004. Baada ya hapo jina la nchi hiyo limebebwa zaidi na voliboli ya kukaa, ile inayochezwa na wenye ulemavu wakiwa wameketi sakafuni. Wanaume walicheza London 2012, timu ya kwanza ya mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Wanawake wakafuata Rio 2016, kisha Tokyo na Paris. Medali hawajaiona.

Wanaolalamika kwamba nguvu hiyo ingeelekezwa kwa wakimbiaji wana hesabu yao, na si ya kubezwa. Timu ni wachezaji kumi na wawili, na wote hao wanawania medali moja. Riadha peke yake ilikuwa na fainali 164 kule Paris. Wanaotetea voliboli husema ni mchezo wa bei nafuu: mguu bandia unauacha pembeni, unakaa sakafuni, wavu wa wanawake uko mita 1.05 tu. Kweli, ukilinganisha na kiti cha magurudumu cha mbio. Lakini Nkundabera alikimbia daraja la T46, la wenye ulemavu wa mkono. Huyo naye anahitaji viatu na njia ya kukimbilia, na tiketi yake ni moja.

Hata hivyo, miaka ishirini imepita na shaba ile haijapata mwenzake. Mpinzani atasema ni kwa sababu macho yote yalihamia kwenye wavu. Labda. Mimi naona mkimbiaji akistaafu huondoka na ujuzi wake, ilhali timu humpokea msichana mgeni na kumweka kando ya mzoefu. Sheria yenyewe inailazimisha nchi kuwatafuta wenye ulemavu mkubwa zaidi, maana kati ya sita walio uwanjani, ni mmoja tu anayeruhusiwa kuwa wa daraja la ulemavu mdogo. Na kwa Rwanda kuna jambo ambalo jedwali la medali halilipimi: timu ya wanaume ya London iliwakalisha upande mmoja wa wavu watu waliowahi kupigana vita pande mbili.

Kwa hiyo nipo upande wa timu, ila si kwa namna inavyoandaliwa. Rio wanawake walishika nafasi ya nane, yaani mkia. Tokyo wakaifunga Japani na kuwa wa saba. Kasi hiyo ni ndogo, na sababu siioni kwenye vipaji. Afrika wapinzani ni wachache, hivyo kufuzu kunawezekana bila kukutana na timu ngumu. Katika voliboli ya kukaa servisi inaruhusiwa kuzuiwa pale pale wavuni, tofauti na ile ya kusimama. Anayeikuta mikono ya China au Marekani kila baada ya miaka minne huanza kuizoea seti ya kwanza ikiwa imeshakwenda.