Saz ya umeme haijaanza juzi

Asanteni kwa kumwandika Ozan Ata Canani, yule mwanamuziki Mturuki wa saz ya umeme (saz ni ala ya nyuzi ya Kituruki), ila hapo mliposema albamu yake ya 2021 ni "mtindo mpya" mimi siwezi kunyamaza. Huyu jamaa kaingia Ujerumani 1975 akiwa dogo wa miaka 12, enzi zile Waturuki wamejaa viwandani kutokana na ule mkataba wa 1961 wa Ujerumani kuchukua wafanyakazi Uturuki, na ilikuwa bado miaka ya 70 alipotunga wimbo wa Deutsche Freunde (Marafiki Wajerumani), anaimba kijerumani kabisa kuhusu hao wafanyakazi na watoto wao huku saz iko kwenye amplifaya. Halafu mtu kama huyo albamu yake ya kwanza inakuja kutoka 2021! Inauma jamani.

Na msiseme saz ni gitaa tu limebadilishwa umbo. Mimi nimewahi kuishika saz, ule mkono mrefu mwembamba una vigawa-sauti (fret) vya uzi wa nailoni vimefungwa kwa kuzungushwa, unaweza ukavisogeza kwa kidole, ndo maana unapata zile sauti za katikati ambazo gitaa la kawaida halina. Ukiweka pickup ya sumaku (ile inayopeleka mlio wa nyuzi kwenye amplifaya) inalia kama rock lakini lafudhi inabaki ya Anatolia, yaani ya Uturuki. Mombasa wazee wa taarab walifanya hivyohivyo na taishokoto, ile ala ya nyuzi ya Kijapani yenye vibonyezo, wakaipigia kwenye spika, na harusini watu walielewa vizuri sana. Wanamuziki wawili wa Kituruki, Derdiyoklar, nao walipiga saz ya umeme kwenye harusi za Waturuki hukohuko Ujerumani miaka ya 80, waandikeni na wao basi.