Saratani ya figo ikifika moyoni, msianze kupanga matanga

Familia ikiambiwa saratani ya figo imeshafika moyoni, wengi husikia hukumu. Naona tunakata tamaa mapema mno, na wakati mwingine daktari ndiye anayetutangulia.

Saratani hii ina tabia ya kutambaa ndani ya mishipa. Uvimbe hutoka kwenye figo, ukaingia vena ya figo, kisha vena kava ya chini, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni na tumboni. Ukiendelea hupita nyuma ya ini, huvuka kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na kuchungulia kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Wanaofikia hapo ni wachache, kama mgonjwa 1 kati ya 100. Mara nyingi mkia huo wa uvimbe unaning'inia tu ndani ya mshipa bila kung'ang'ania ukuta wake, na huenda mapafu, ini na mifupa ni salama kabisa. Mgonjwa wa aina hiyo yuko hatua ya 3, hajafika ya 4.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni moja: kuna saratani popote pengine?

Dalili zinaweza kupotosha. Miguu yote miwili ikivimba, watu hudhani ni damu iliyoganda, na dawa za kuzuia kuganda haziyeyushi uvimbe. (Damu kwenye mkojo hata mara moja tu, jamani, nendeni mkapimwe.)

Sisemi tiba ni nyepesi. Hukaa pamoja mpasuaji wa figo, wa moyo, mara nyingine na wa ini. Mgonjwa huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Pengine mwili hupozwa hadi nyuzi 18 hivi na mzunguko wa damu kusimamishwa kwa dakika kadhaa ili mkia utolewe mzima. Kipande kikikatika kikaenda mapafuni, kinaweza kuua palepale. Wapo wanaofia kwenye upasuaji. Lakini kwa wenye uvimbe ndani ya vena kava ambao haujasambaa kwingine, takriban nusu ya waliopasuliwa huwa hai miaka 5 baadaye.

Kinachoniudhi ni jibu la "haifanyiki" kutoka kwa daktari ambaye maana yake ni "mimi siifanyi". Mwambieni aseme hivyo, kisha awape rufaa penye wapasuaji wa moyo. Na msikae na rufaa mfukoni: mkia huo hurefuka, na picha ya miezi miwili iliyopita haimfai tena mpasuaji.