Ulimwengu pepe wa mtandaoni una kazi gani Kigoma?

Alasiri, dagaa wakiwa wamekwisha kuanikwa, mnunuzi anayefika mwalo wa Kibirizi huchota wachache kiganjani, akawapekecha kwa kidole gumba ili ajue kama wana mchanga, akawanusa, kisha akamtafuna mmoja kabla ya kutaja bei. Ninaanza na kiganja hicho kwa sababu siku hizi watu wanabishana kama ulimwengu pepe wa mtandaoni una manufaa ya kila siku, na wanaobishana ni nadra kuitazama kazi yenyewe. Wapo wanaodai kwamba soko, darasa na ofisi vyote vitahamia huko, na wapo wanaosema kwamba hayo ni magemu ya watoto na njia ya kumaliza bando.

Kinachozungumziwa hapa ni mahali palipochorwa kwa kompyuta, ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwakilishwa na kikaragosi chake, wakatembea, wakazungumza na kujenga vitu vinavyobaki hapo hata baada ya wao kutoka. Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, iliwafanya wengi waamini kwamba humo mtu anaweza kuishi na kuchuma, maana hata fedha yake hubadilishwa kwa dola za Marekani. Mwaka 2007 Maldives na Uswidi zilifungua balozi humo. Ubalozi wa Uswidi, hata hivyo, haukutoa viza. Ulitoa maelezo tu, kazi ambayo tovuti ya kawaida ingeifanya bila mgeni kulazimika kumvalisha kikaragosi wake koti.

Mfano huo ndio unaonipa kipimo ninachokitumia: je, kazi yenyewe inamtaka mtu awe ndani ya mahali fulani, aone kilicho mbele, nyuma na juu yake, au inahitaji maneno na picha tu? Kikao cha kikoba, kwa mfano, hakina haja ya vikaragosi kukaa duara. Kinahitaji daftari, sanduku lenye kufuli tatu na watu watatu tofauti wenye funguo, na aliyesafiri hutuma mchango wake kwa simu. Biashara ya dagaa nayo inarudi kwenye kile kiganja, kwa kuwa harufu na mchanga havipiti kwenye waya.

Lakini zipo kazi ambazo kipimo hicho kinazikubali, na hapa wanaobeza wanakosea. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu yake Nairobi, lilianza kushirikiana na Mojang, kampuni ya Uswidi iliyotengeneza gemu la Minecraft, ili wakazi wa miji wapange wenyewe viwanja na maeneo yao ya wazi. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Watu ambao hawajawahi kusoma mchoro wa msanifu majengo walikaa kwa vikundi mbele ya kompyuta, wakaweka ukuta hapa na njia pale kwa matofali ya gemu, wakabishana juu ya kitu ambacho wote walikuwa wakikiona.

Nimewahi kukaa katika mkutano ambao ungefaidika sana na jambo hilo. Wafanyabiashara walionyeshwa ramani ya eneo la kuanikia na kuuzia samaki, karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Mama mmoja aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akauliza vichanja vitakaa upande gani wa jua. Mtaalamu alimjibu kwa kutaja kipimo cha ramani. Akauliza tena kama mtu mwenye beseni kichwani, akitoka kwenye mtumbwi, atapanda ngazi. Akaambiwa ngazi zimeonyeshwa kwa mistari ile midogo. Hakuuliza tena. Ndani ya Minecraft angeutembea mwendo huo kwa dakika mbili, akaziona ngazi mbele yake na upande ambao jua linachomozea kwenye vichanja vyake.

Kundi la pili la kazi zinazofaa ni zile ambazo kosa lake huua. Marubani wamejifunza kwa mashine za kuigiza urukaji wa ndege tangu Edwin Link alipotengeneza ya kwake Marekani mwaka 1929, na kwa nahodha wa Ziwa Tanganyika, ambako upepo wa kusi huchafua maji wakati wa kiangazi, kuzoea mawimbi na moto wa injini akiwa nchi kavu ni jambo lisilohitaji utetezi mrefu.

Kisha kuna elimu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mwanafunzi wa Kibondo anayekariri miaka hiyo angeielewa zaidi kama yeye na wenzake wangeyafungua makasha na kuiunganisha meli wenyewe, hata kama ni ya kuchorwa.

Gharama ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, ingawa si kwa namna inavyosemwa kawaida. Miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya anayeivaa ajione yuko ndani ya mahali palipochorwa, ni ghali, lakini kazi nilizozitaja, ukiacha ya nahodha, haziihitaji. Minecraft huchezwa pia kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe, bila bando. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umiliki. Google ilifungua ulimwengu wake wa Lively mwezi Julai 2008 na kuufunga kabla mwaka haujaisha. AltspaceVR, ulimwengu mwingine wa aina hiyo uliomilikiwa na Microsoft, ulifungwa Machi 2023. Mtu wa Ujiji anayegombea kiwanja ana hati au walau majirani wa kumshuhudia, ilhali mwenye kiwanja cha mtandaoni ana masharti aliyoyakubali bila kuyasoma. Kwa hiyo kuweka akiba humo ni jambo ambalo mimi singelishauri, na mtoto asiachwe humo peke yake na watu wasiojulikana, kwa kuwa kikaragosi hakionyeshi umri wa mwenyewe.

Kwa soko la samaki, maandalizi yasingekuwa makubwa: kompyuta mpakato, projekta, kijana mmoja kati ya wale wanaoshinda kwenye vibanda vya gemu, na siku chache za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Liko hata hivyo jambo moja ambalo gemu haliwezi kulitibu. Siku ile mama alipouliza kuhusu vichanja, ramani iliyokuwa ukutani ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri.